Wanaume na chanjo ya HPV: kwa nini nilikunja mkono wa shati nikiwa na miaka 34

Msafiri wa Jogoo Road ameandika:

Ndugu zangu, hamjambo. Uzi huu nimeuahirisha kwa miezi kadhaa, kwa sababu jambo lenyewe linaanzia chumbani kwangu na si kila mtu hupenda kuanika ya chumbani. Mwezi wa pili mwaka huu mke wangu alikwenda kwenye zahanati moja hapa Eastlands, Nairobi, kufanyiwa uchunguzi wa mlango wa kizazi, ule ambao muuguzi hupaka siki isiyo kali kisha akangoja kidogo aone kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Sehemu hiyo ilionekana. Haikuwa saratani, na ilitibiwa siku hiyo hiyo kwa kuchomwa na kifaa cha joto, kazi ya dakika chache, halafu akapewa tarehe ya kurudi baada ya mwaka mmoja. Wakati huo wote mimi nilikuwa nimeketi nje kwenye benchi la mbao, chini ya bango lenye picha ya msichana wa shule aliyekunja mkono wa sweta ili adungwe sindano.

Muuguzi alipotoka kunieleza alizungumza vizuri, bila haraka. Alisema mabadiliko yale huletwa na virusi vya HPV, kwamba virusi hivyo hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, na kwamba karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana huvipata wakati mmoja au mwingine bila kujua. Nikamwuliza swali ambalo nadhani mwanaume yeyote angeliuliza: na mimi nipimwe wapi? Akatabasamu kidogo, akasema, "Baba, wewe hatuna kipimo chako."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi kuliko hata habari za ile sehemu nyeupe. Nilirudi nyumbani nikasoma, nikamwuliza daktari mmoja ninayemfahamu, nikakuta kwamba muuguzi hakunificha kitu. Hadi leo hakuna kipimo cha HPV kilichoidhinishwa kwa ajili ya kumchunguza mwanaume asiye na dalili. Kwa mwanamke, madhara makubwa ya virusi hivi hutokea mahali pamoja panapojulikana, na mahali hapo panaweza kuangaliwa, kupakwa siki, kupanguswa seli na kutibiwa kabla mambo hayajaharibika. Kwa mwanaume vimetawanyika kwenye ngozi ya uume, korodani, njia ya haja kubwa na nyuma ya koo, na hata ukipangusa sehemu moja usipate kitu, hujui kama umekosa kwa kuwa havipo au kwa kuwa viko jirani. Mwanamke basi ana milango miwili ya kujikinga, chanjo akiwa binti na uchunguzi akiwa mtu mzima. Sisi tuna mmoja tu, ule wa chanjo, na kila bango nililowahi kuona hapa mjini likiuzungumzia lina picha ya msichana.

Tuvielewe virusi vyenyewe kwanza, maana nimeona hata watu waliosoma wakivichanganya na HIV kwa sababu ya herufi. HPV ni jamii kubwa yenye aina zaidi ya 200, na karibu 40 kati ya hizo hukaa sehemu za siri. Nyingi hupita bila dalili, kwani kinga ya mwili huziondoa, mara nyingi ndani ya miaka 2. Zinazotuhusu ni chache. Aina ya 6 na ya 11 ndizo husababisha takriban asilimia 90 ya chunjua za sehemu za siri, na aina ya 16 na ya 18 ndizo zilizo nyuma ya takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliokadiria kwamba karibu mwanaume 1 kati ya 3 duniani, mwenye umri wa zaidi ya miaka 15, ana angalau aina moja ya HPV sehemu za siri, na karibu 1 kati ya 5 ana aina moja au zaidi ya zile zinazoweza kuleta saratani. Hesabu abiria wanaume kwenye matatu ya kurudi nyumbani jioni, utapata picha.

Kuhusu chunjua, nina rafiki ambaye nilifanya naye kazi katika ghala moja la Industrial Area. Kwa muda wa miezi miwili hivi alikuwa akiondoka kazini kila Ijumaa saa nane mchana, akituambia kwamba ana jino bovu. Tulimcheka sana kuhusu jino hilo. Alikuja kuniambia ukweli baadaye, kwamba alikuwa akienda kupakwa dawa ya kuunguza chunjua, zikikauka na kudondoka, kisha baada ya majuma machache zinachipuka pembeni, kwa sababu dawa huondoa kinachoonekana na haiondoi virusi vilivyomo ndani ya ngozi. Chunjua haziui. Lakini mtu yule alivunja uchumba wake bila kueleza sababu, na sijui katika hesabu za wizara ya afya hasara kama hiyo huandikwa kwenye safu gani.

Saratani kwa upande wetu ni nadra kuliko kwa wanawake, na hilo nalikubali wazi. Zipo za uume, za njia ya haja kubwa, na za sehemu ya nyuma ya koo, yaani kwenye mafindofindo na kwenye shina la ulimi. Hapa lazima nitenganishe maneno, maana Mkenya akisikia saratani ya koo hufikiria ile ya umio inayowazuia watu kumeza ugali, ambayo imewaumiza mno ndugu zetu wa Bomet na Bonde la Ufa kwa jumla. Siyo ninayoizungumzia. Ninayoizungumzia ni ile ya juu zaidi, na huko Marekani, ambako hesabu zimewekwa kwa uangalifu kwa miaka mingi, imeongezeka hadi kuipita saratani ya mlango wa kizazi kwa idadi ya wagonjwa miongoni mwa saratani zinazohusishwa na HPV, na wengi wa wagonjwa hao ni wanaume. Uvimbe mdogo shingoni usiouma mara nyingi ndio dalili ya kwanza, na hakuna uchunguzi wa kawaida ambao ungeugundua mapema.

Hata hivyo sijawaita hapa ili tujihurumie. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani ya mlango wa kizazi wapatao 5,200 katika mwaka mmoja, na kwamba wanawake wapatao 3,200 walifariki kutokana nayo. Virusi hivyo kwa sehemu kubwa walivipata kutoka kwetu, wala hatukujua. Sisemi haya kumtia mtu hatiani, kwa kuwa yule aliyetupa sisi naye hakujua. Nasema tu kwamba ni ajabu kuwa na mzigo wa watu wawili ambao mmoja ameambiwa aubebe wote, apimwe yeye, atibiwe yeye, achanjwe yeye, na mwingine angoje kwenye benchi.

Sasa chanjo. Haina virusi hai wala vilivyouawa. Wanasayansi huchukua protini moja tu ya ganda la nje la virusi, wakaizalisha kwenye seli, na kwa chanjo ya Gardasil seli hizo ni za hamira, jamii ile ile ya hamira ya mikate. Protini hizo hujipanga zenyewe zikawa kama ganda tupu la yai. Kinga ya mwili huliona ganda, ikalizoea sura yake, na siku virusi vyenyewe vikija hukuta askari wamejipanga. Ndani ya ganda hamna chembe za urithi, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyohusisha wanaume 4,065 wa umri wa miaka 16 hadi 26 kutoka nchi 18, na miongoni mwa wale ambao hawakuwa na aina husika za virusi na wakakamilisha dozi zote, chanjo ilizuia takriban asilimia 90 ya chunjua na vidonda vingine vya nje vinavyoletwa na aina hizo. Ukiwahesabu wote walioandikishwa, wakiwemo waliokuwa tayari wameambukizwa, kinga inashuka hadi asilimia 60 hivi.

Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo niliyoitafakari kwa muda mrefu, kwa sababu mimi si kijana wa miaka 16. Chanjo haiponyi maambukizi uliyo nayo. Huzuia aina ambazo hujakutana nazo, na mtu mwenye umri wangu, aliyeoa na aliyewahi kuishi, amekutana na baadhi. Daktari aliniambia bila kupamba kwamba faida yangu ni ndogo kuliko ya mdogo wangu wa miaka 19, na ndogo zaidi kuliko ya mvulana wa miaka 10. Nilichanjwa hata hivyo. Chanjo inayokinga aina 9 ina nyingi ambazo huenda bado sijazipata, na mwanaume akiambukizwa kwa njia ya kawaida mara nyingi mwili wake haujengi kinga ya kutosha kumlinda asiambukizwe tena aina ile ile. Nimepata dozi mbili, na ya tatu ni mwezi wa tisa. Dozi zote tatu kwa jumla zitakuwa zimenigharimu zaidi ya kodi yangu ya mwezi mmoja, na sitadai kwamba kila mtu ana uwezo huo.

Siku ya dozi ya kwanza mfamasia alifungua friji, akanionyesha kipimajoto kilichoning'inia ndani ya mlango, kikisoma nyuzi 5, akatoa kisanduku, akanipa nisome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hajavunja kifuniko. Nawaomba msione haya kudai kuonyeshwa hayo, kwa sababu chanjo hii hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na hapa mjini umeme hupotea tutake tusitake. Mkono uliniuma siku mbili kama niliyebeba gunia la viazi kwa bega moja. Nauliza: wangapi humu wamechanjwa, na ambao hamjachanjwa, ni nini kinachowazuia?

Kijana wa Githurai ameandika:

Shukrani kwa uzi huu, kaka. Mimi nina miaka 23, sijaoa. Sijachanjwa na hata sikujua kwamba mwanaume anaruhusiwa kuchanjwa. Nimepashwa tohara na hutumia kondomu, si kila mara lakini mara nyingi. Je, hayo hayatoshi?

Mzee wa Dagoretti ameandika:

Nimesoma maandishi yako hadi mwisho, kijana wangu, na nakupa heko kwa uwazi, ingawa nina mashaka yangu. La kwanza, kama wanaume walihitaji chanjo hii, mbona serikali inayowapa wasichana bila malipo haikutupa sisi? La pili, nimewahi kusoma kwamba huko Australia walipowachanja wasichana peke yao, hata chunjua za wavulana zilipungua. Ikiwa ni hivyo, kwa nini nimwambie mwanangu atoe kodi ya mwezi mzima kwa jambo ambalo dada zake wameshamfanyia? La tatu ni lile ambalo wengi hawalisemi hadharani. Tunakumbuka mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walivyoipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, na mwaka 2019 wako madaktari Wakatoliki waliosimama kuipinga hii ya HPV. Mzee kama mimi ameona mengi yakiletwa kwa jina la msaada. Mnajuaje kwamba haigusi uzazi?

Msafiri wa Jogoo Road ameandika:

Nianze na Githurai kwa kuwa lake ni fupi. Tohara husaidia. Utafiti uliofanywa Rakai, Uganda, ulionyesha kwamba maambukizi ya aina hatari za HPV yalipungua kwa kama theluthi moja kwa waliotahiriwa, na faida yake dhidi ya HIV, ambayo majaribio ya Kisumu yalisaidia kuithibitisha mwaka 2006, ni kubwa zaidi ya hapo. Lakini theluthi moja ni theluthi moja. Kondomu nayo hupunguza, ila virusi hivi hukaa pia kwenye ngozi ambayo kondomu haifiki, na wewe mwenyewe umeandika "si kila mara". Endelea navyo vyote viwili, kisha uongeze cha tatu.

Mzee wangu, maswali yako ni ya haki na nitayajibu nikianza na la Australia kwa sababu ndilo zito. Ni kweli. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007, na chunjua kwa vijana wa kiume wanaokutana na wanawake zilipungua sana hata kabla wavulana hawajaingizwa mwaka 2013. Zilipungua kwa sababu wasichana wengi mno walichanjwa, hivyo virusi vikakosa pa kupitia. Kwetu Kenya mpango wa kitaifa ulizinduliwa Mombasa mwezi wa kumi mwaka 2019 ukiwalenga wasichana wa miaka 10, kwa dozi mbili. Miezi mitano baadaye shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na kati ya wasichana waliopata dozi ya kwanza wengi hawakurudi kwa ya pili. Sasa fanya hesabu ya kawaida: msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2019 alizaliwa mwaka 2009. Wanawake wa rika la Githurai, ambao ndio atakaokutana nao na pengine kumwoa mmoja wao, walikuwa wamepita umri huo mpango ulipoanza. Kinga inayotokana na wasichana ni kama kivuli cha mti, na kivuli hicho hakijafika alipoketi. Pia mti huo hauwafuniki kabisa wanaume wanaokutana na wanaume wenzao, na wako, hata tukikaa kimya.

Kuhusu serikali, sababu ni pesa na upungufu, siyo kwamba chanjo haimfai mwanaume. Chanjo ilikuwa haba duniani kiasi kwamba mwishoni mwa mwaka 2019 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walipendekeza nchi zisubiri kwanza kuwaanzishia wavulana, hadi wasichana wote wapate. Mimi naona walikuwa sahihi. Dozi ikiwa moja na watoto ni wawili, mpe msichana. Lakini Uingereza, iliyoanza na wasichana mwaka 2008, iliwaongeza wavulana mwaka 2019, na Marekani ilipendekeza wavulana wachanjwe kwa kawaida tangu mwaka 2011. Nchi hizo hazikufanya hivyo kwa kuwapendelea wavulana.

Na la uzazi. Kamati ya kimataifa inayoshauri Shirika la Afya Duniani kuhusu usalama wa chanjo iliitazama upya hii mwaka 2017, wakati dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimesambazwa, ikasema ni salama sana, na haijaonekana kuharibu uzazi. Wala haijajaribiwa ughaibuni tu. Taasisi yetu ya utafiti wa kitabibu, KEMRI, pamoja na washirika wake iliwafuatilia wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Kisumu, Thika na hapa Nairobi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja pekee ilizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na ya 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Hao walikuwa wanawake, sitaki kuichezea tarakimu hiyo kana kwamba ni yetu. Lakini mwenye hofu kwamba sisi ni panya wa majaribio ya watu wa mbali ajue kwamba utafiti huo uliobadilisha mawazo ya dunia ulifanywa umbali wa nauli ya matatu kutoka hapa, na mmoja wa walioungoza ni daktari wetu, Nelly Mugo.

Sista wa Zamu ya Usiku ameandika:

Mimi ni muuguzi na nimefanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya zinaa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba kuongeza machache ambayo Msafiri ameyapitia juu juu.

Jambo linaloniumiza zaidi kazini ni ndoa zinazovunjika kwa sababu ya jibu la HPV. Mume anakuja amekunja uso, akitaka nimwambie mke ameitoa wapi, au mke analia akisema mume ametoka nje. Virusi hivi vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi kabla ya kuonekana, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri saratani yenyewe huchukua kati ya miaka 15 na 20 tangu maambukizi. Hakuna muuguzi wala daktari awezaye kukuambia vilitoka kwa nani au lini. Anayekwambia anaweza, anakudanganya.

La pili ni kwa ndugu wanaoishi na HIV. Kwao HPV haiondoki kwa urahisi na mabadiliko mabaya huja upesi zaidi, kwa hiyo wana sababu kubwa zaidi ya kuiulizia chanjo hii. Haina virusi hai, na kuishi na HIV si kizuizi. Ila wasitegemee dozi moja. Shirika la Afya Duniani limeruhusu dozi moja kwa vijana wa miaka 9 hadi 20 wenye afya ya kawaida, lakini kwa wenye kinga dhaifu linashauri angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Na mwanaume anayeishi na HIV aliye na uvimbe, kidonda au damu njia ya haja kubwa asiseme ni bawasiri akanunua dawa ya kupaka River Road. Aje aangaliwe.

Kuhusu ratiba, watengenezaji wa Gardasil wanaelekeza kwamba mtoto wa miaka 9 hadi 14 anaweza kupata dozi mbili, na aliyefikisha miaka 15 apate tatu, ya pili baada ya miezi 2 na ya tatu baada ya miezi 6 tangu ya kwanza. Baada ya kudungwa kaa dakika 15 kwenye kiti, usikimbilie boda boda. Vijana, hasa wa kiume wenye vifua vipana, ndio wanaonizimikia wakiona sindano, na nimemdaka zaidi ya mmoja kwa mikono yangu. Mwenye mzio mkali wa hamira aseme kabla.

Baba Mapacha ameandika:

Nina watoto mapacha wa miaka 10, msichana na mvulana, wako shule moja na darasa moja. Wauguzi walipofika shuleni msichana alichanjwa, mvulana akabaki na wenzake uwanjani. Jioni tukiwa mezani binti alikuwa anaonyesha plasta yake kama medali, na kaka yake akaniuliza, "Baba, mimi siwezi kupata huo ugonjwa?" Nilijibu kwamba ni ugonjwa wa wasichana. Baada ya kusoma uzi huu naona nilimdanganya mtoto, ingawa sikukusudia.

Swali langu ni kama kumpeleka sasa ni mapema mno. Mama yao anaogopa kwamba tutakuwa tumemfungulia mlango wa mambo ambayo bado hayajui.

Sista wa Zamu ya Usiku ameandika:

Baba Mapacha, sasa hivi ndio wakati wake, tena kwa mtoto wa umri huo kinga inayojengeka ni kubwa kuliko ya mtu mzima na dozi ni chache. Tunachanja mapema kwa sababu chanjo inatakiwa kuvitangulia virusi. Huko Scotland walichunguza rekodi za wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hawakukuta hata mmoja aliyepata saratani ya mlango wa kizazi. Waliochanjwa wakiwa wakubwa hawakupata kinga ya kiwango hicho. Mwambie mama yao kwamba tulimchanja mtoto surua bila kumweleza mgonjwa yeyote. Kwa hii pia mwambie inazuia saratani, inatosha kwa miaka 10. Mengine atayauliza mwenyewe, nawe utakuwapo.

Mama wa Umoja ameandika:

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Nimefanyiwa ule uchunguzi mara tatu maishani mwangu, na mara zote tatu nilikwenda peke yangu. Mume wangu hajawahi kuniuliza hata majibu yalikuwa nini. Usiku huu nimemtumia uzi huu wala sijaandika neno la ziada. Ameusoma, alama zimegeuka buluu. Nangoja.

Mzee wa Dagoretti ameandika:

Mimi siyaachi mashaka yangu yote kwa siku moja, lakini hoja ya mwaka wa kuzaliwa nimeielewa na sina jibu lake. Kijana wangu mdogo yuko chuo kikuu, ana miaka 20. Nitamwambia asome hapa aamue mwenyewe, na akiamua kuchanjwa nitampa nusu ya pesa. Umri wangu mimi ni 61, nadhani hiyo meli imeshang'oa nanga.

Msafiri wa Jogoo Road ameandika:

Mzee wangu, hata Marekani haijaidhinisha umri huo. Huko Marekani idhini ilipanuliwa mwaka 2018 ikafika miaka 45, na hata hapo, kwa wenye zaidi ya miaka 26, wanashauri mtu azungumze kwanza na daktari wake, hawasukumi kila mtu. Nusu hiyo ya pesa umeiweka mahali pake.

Kijana wa Githurai ameandika:

Narudi na ripoti. Leo mchana nimepigia simu maduka matatu ya dawa hapa mjini. La kwanza halina. La pili mtu amesema ataangalia anipigie, hajapiga. La tatu wanayo, na dada aliyepokea ameniuliza binti yangu ana miaka mingapi. Nikababaika, nikamwambia miaka 23. Akanyamaza, kisha akasema basi nimlete Jumamosi asubuhi, na nisisahau kuja na kitambulisho chake.

Msafiri wa Jogoo Road ameandika:

Nenda na kitambulisho chako, kaka, na uvae shati la mikono mifupi.